Namna ya Kutafuta Fedha za Programu ya Afya kwa Jumuiya ya Wakimbizi Wanaozungumza Kiswahili Marekani

Kipeperushi kilikuwa kizuri: karatasi nene, picha ya mwanamke aliyeshika tama, na maneno makubwa yaliyouliza, "Je, una dalili za sonona?" Tulikigawa kanisani baada ya ibada. Mama mmoja mtu mzima wa kutoka Fizi, mashariki mwa Kongo, aliyeishi kambini Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa Marekani, alikigeuza mara mbili, kisha akaniuliza kama sonona ni ugonjwa wa mapafu. Nilipomweleza kwamba ni ile hali ya mtu kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula na kuwaza yaliyopita mpaka kichwa kinauma, alicheka kidogo. "Kumbe ni mawazo mengi," akasema. "Hiyo tunayo wote."

Tafsiri ile haikuwa na kosa hata moja. Andiko la mradi lililozaa kipeperushi kile lilikuwa limejaa maneno ya kuheshimu utamaduni wa jamii, lakini bajeti yake haikuwa na hata dola moja ya kumlipa mtu aketi na yule mama na wenzake wakisome kabla hakijapelekwa kwa mpiga chapa. Tangu siku hiyo, kila ninapoletewa andiko la programu ya afya ya wakimbizi, huanza kulisoma kutoka nyuma, kwenye bajeti, kwa sababu huko ndiko ninakoona kama utamaduni unaotajwa kwenye utangulizi umetengewa fedha au umetajwa kwa adabu tu. Maelekezo yanayofuata yameandikwa kwa viongozi wa jumuiya za Wakongo, Warundi na wengine wanaozungumza Kiswahili katika miji ya Marekani, ambao wanajua vizuri watu wao wanaumwa nini lakini hawajui waanzie wapi kuomba ruzuku.

Kabla ya kuomba senti yoyote

Mfadhili atauliza mambo mawili kabla ya mengine yote: tatizo ni lipi, na ninyi mmelijuaje. Jibu la "sisi ndio wanajamii, tunajua" ni la kweli, lakini halitoshi. Fanyeni vikao vitatu au vinne vidogo, akina mama peke yao, wazee peke yao, vijana peke yao, na mwandike majibu kwa maneno yale yale waliyoyatamka, bila kuyasafisha. Maneno hayo yatafanya kazi mara mbili: yataingia kwenye andiko kama ushahidi, na baadaye yatakuwa msamiati wa vipindi vyenu vya mafunzo.

Msidhani kwamba Kiswahili ni kimoja. Aliyekulia kambini Tanzania atasema ana presha, na aliyetoka Uvira au Bukavu moja kwa moja atasema ana "tension" kwa matamshi ya Kifaransa. Banyamulenge wa Kongo huzungumza Kinyamulenge nyumbani na Warundi huzungumza Kirundi. Miongoni mwa Wabantu wa Somalia, ambao wengi wao walianza kuletwa Marekani mwaka 2003 na 2004, wako wanaozungumza Kizigula, ambacho asili yake ni Kizigua cha upande wa Tanga kilichochukuliwa na mababu zao waliopelekwa Somalia utumwani katika karne ya 19. Hesabuni ni kaya ngapi katika mji wenu zinazungumza lugha gani nyumbani, na ni wangapi kati yao wanaoweza kusoma lugha hiyo. Jedwali la mistari sita lenye hesabu hiyo lina nguvu kuliko kurasa tatu za masimulizi, kwa sababu mara nyingi hata idara ya afya ya kaunti haina.

Takwimu za jumla mtazipata penye data za umma. Katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Kongo iliongoza nchi zote. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kimeandaa wasifu wa afya wa wakimbizi wa Kongo, na kila jimbo lenye mpango wa wakimbizi lina mratibu wa afya yao. Mpigieni simu, kwa kuwa ndiye anayejua ni kliniki gani inapima watu wakifika na inaona nini.

Hapa pana tahadhari. Katika mji mdogo, ukiandika "mjane wa watoto saba kutoka Uvira mwenye virusi", umeshamtaja jina. Semeni idadi, msiseme mtu, na mkitaka kisa kimoja cha kugusa moyo, ombeni ruhusa ya mwenyewe kwa lugha anayoielewa.

Mwamvuli au shirika lenu

Wafadhili wengi hutoa fedha kwa mashirika yenye hadhi ya 501(c)(3) peke yake, yaani yaliyotambuliwa na mamlaka ya mapato, IRS, kuwa ya hisani. Jumuiya isiyo na hadhi hiyo inaweza kukaa chini ya shirika mwamvuli, ambalo hupokea fedha kwa niaba yenu, hutunza hesabu na kukata asilimia fulani kwa kazi hiyo. Ushauri wangu kwa jumuiya isiyowahi kusimamia zaidi ya dola 10,000 ni kuanza na mwamvuli, mradi makubaliano yawe ya maandishi na yaseme wazi asilimia inayokatwa, nani anaidhinisha malipo, na fedha zinabaki kwa nani mkiachana.

Mkiamua kusajili shirika lenu, Fomu 1023-EZ ina ada ya dola 275 na inawafaa wanaotarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka. Fomu kamili ina ada ya dola 600. Ugumu hauko kwenye kusajili. Jumuiya nyingi hupata hadhi kwa shangwe, zikapiga picha na cheti, kisha zikasahau taarifa ya kila mwaka. Shirika dogo hujaza Fomu 990-N kwenye intaneti, kazi ya dakika kumi, na mwaka wenu wa hesabu ukiishia Desemba, tarehe ya mwisho ni 15 Mei. Msipoijaza kwa miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutika yenyewe, na mara nyingi viongozi hugundua hivyo siku mfadhili anapoitafuta kwenye orodha na kuikosa.

Kwa fedha za serikali kuu mtahitaji pia namba ya UEI, yaani namba ya utambulisho wa shirika, ambayo tangu Aprili 2022 imechukua nafasi ya namba ya DUNS, na inapatikana kwa kujisajili kwenye tovuti ya serikali ya SAM.gov. Usajili huo ni wa bure na huhuishwa kila mwaka. Mkipokea barua pepe inayodai dola mia tano ili "kukamilisha usajili", ifuteni.

Fedha ziko wapi

Zamani ungeanza na ORR, ofisi ya serikali kuu iliyotokana na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1980, ambayo imekuwa ikitoa ruzuku za afya ya wakimbizi na za kuzijengea uwezo jumuiya zao. Endeleeni kufuatilia matangazo yake, lakini msijenge nyumba juu yake. Upokeaji wa wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025, mashirika yanayowapokea wakimbizi na kuwatafutia makazi yalipunguza wafanyakazi, na kwa wanaoanza kustahili kuanzia tarehe 5 Mei mwaka huo, msaada wa matibabu wa ORR kwa wasiostahili Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ulishushwa kutoka miezi 12 hadi 4. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 nayo inawaondoa kwenye Medicaid ya serikali kuu, kuanzia Oktoba 2026, wakimbizi ambao hawajapata ukaaji wa kudumu. Kwa hiyo programu yoyote ya afya inayoandikwa sasa ingefaa iwe na mtu wa kuwasaidia watu kuomba "green card" mara wanapotimiza mwaka mmoja. Nalihesabu hilo kuwa huduma ya afya, na mfadhili mwelewa atakubali likielezwa hivyo.

Mlango ambao jumuiya nyingi hupita bila kuubisha ni hospitali ya mjini kwenu. Hospitali kubwa nyingi Marekani zimesajiliwa kuwa zisizo za faida na hazilipi kodi ya mapato, na tangu sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 zinalazimika kufanya tathmini ya mahitaji ya afya ya eneo lao kila baada ya miaka mitatu, kusikiliza wawakilishi wa watu wasiopata huduma ya kutosha, kuandika mpango wa utekelezaji na kuweka ripoti hiyo wazi kwa umma. Ikipuuza wajibu huo, hospitali inaweza kutozwa dola 50,000. Ingieni kwenye tovuti yake, fungueni ripoti ya mwisho, mtafute neno "refugee" na neno "Swahili". Yakiwepo, andiko lenu lianze na ukurasa huo, kwa kuwa mtakuwa mnawaletea njia ya kutekeleza walichokwisha kuahidi. Yasipokuwepo, ulizeni tathmini ijayo inaanza lini na mwombe kiti. Idara inayohusika mara nyingi huitwa ya manufaa ya jamii. Msiende kwenye dawati la mapokezi, wala msimtumie daktari mnayemfahamu kama mpeleka barua.

Taasisi za kijamii za mji, zile zinazokusanya wasia na michango ya wenyeji na kuigawa hapo hapo mjini (ya kwanza ilianzishwa Cleveland mwaka 1914), hutoa kiasi kidogo lakini kwa masharti mepesi, na ni mahali pazuri pa kujengea jina. Pigeni simu kabla ya kuandika. Mtu wa kule atawaambia kwa dakika kumi na tano kama mnapoteza muda, na simu hiyo haimkeri, ni sehemu ya kazi yake. Majimbo kadhaa, Minnesota ikiwa miongoni mwa yaliyotangulia, yanaruhusu Medicaid kulipia kazi ya wahudumu wa afya ya jamii wenye cheti. Njia hiyo ni ndefu, ina makaratasi mengi, na kwa kawaida inahitaji kliniki ya kushirikiana nayo, lakini ni karibu njia pekee ya kuwalipa wahudumu wenu baada ya ruzuku kwisha.

Msisahau fedha zenu wenyewe. Michango ya likelemba au ya kikoba, ukumbi unaotolewa bure na kanisa au msikiti, saa za wanaojitolea zilizoandikwa kwenye daftari lenye tarehe na sahihi, vyote vinaweza kuonyeshwa kama mchango wa jumuiya. Bila daftari havihesabiki.

Bajeti

Tuchukue mfano wa programu ya akina mama 30 wenye presha, wanaokutana mara 18 katika wiki 36. Wahudumu wawili wa kutoka jumuiya yenyewe, kila mmoja saa 8 kwa wiki kwa dola 18 kwa saa, ni dola 10,368, na kodi ya mwajiri ya asilimia 7.65 juu yake ni dola 793. Mkalimani wa Kinyamulenge wa saa 2 kila kikao, kwa dola 40 kwa saa, ni 1,440. Chakula, dola 90 kwa kikao, ni 1,620. Usafiri, dola 60 kwa kikao, ni 1,080. Walezi wawili wa watoto kwa saa 2 kila kikao, kwa dola 15 kwa saa, ni 1,080. Mashine 30 za kupimia presha, kwa dola 40 kila moja, ni 1,200. Jumla ni dola 17,581. Ikiwa mfadhili anaruhusu asilimia 10 ya gharama za uendeshaji, ongezeni 1,758 na ombi litakuwa dola 19,339.

Tazameni fedha zimekwenda wapi. Zaidi ya nusu imekwenda kwa wahudumu wawili, na hapo ndipo mfadhili atakapotaka kukata, akisema wanajamii wangeweza kujitolea. Msikubali kwa haraka. Mhudumu ndiye anayejua kwamba mama fulani hanywi dawa kwa sababu anamtumia dada yake wa Uvira fedha ambazo angezilipia dawa hizo. Ndiye anayejua kwamba kumwambia mtu aache chumvi wakati jikoni kwake kuna ndagala waliokaushwa kwa chumvi ni maneno ya bure mpaka aonyeshwe namna ya kuwaloweka na kumwaga maji mara mbili. Ujuzi huo haununuliwi chuoni, na mtu anayeutoa saa 8 kila wiki anastahili mshahara. Andikeni maelezo ya mstari huo kwa mifano ya namna hii, si kwa sifa.

Chakula kina mtego wake. Fedha za serikali kuu mara nyingi zina masharti makali kuhusu chakula, na mkaguzi anaweza kukikataa baada ya ninyi kuwa mmeshakila. Kilipieni kwa fedha za taasisi binafsi au michango, na mkiite kile kilicho: ikiwa kikao ni somo la kupika sombe kwa mafuta kidogo, basi mihogo, majani na mafuta ni vifaa vya kufundishia, mradi kweli mnafundisha. Sijawahi kuona kikao cha mama zetu kikikolea bila chai na kitu cha kutafuna, na nimeona wafadhili wanaoshangaa mahudhurio kushuka baada ya wao wenyewe kufuta mstari huo.

Gharama za uendeshaji msione haya kuziomba. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 shirika lisilo na kiwango cha gharama hizo kilichokubaliwa na serikali kuu linaweza kudai, kwenye ruzuku za serikali hiyo, hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja zinazostahili, kutoka asilimia 10 ya awali. Mhasibu, bima na simu vinatoka humo.

Kimoja kisiingie katika bajeti yenu: ukalimani ndani ya hospitali na kliniki. Taasisi inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 na kifungu cha 1557 cha sheria ya bima ya mwaka 2010, kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo. Agizo la Rais la Machi 2025 lililofanya Kiingereza kuwa lugha rasmi halikufuta sheria hizo. Mkianza kupeleka wakalimani wenu wa bure, hospitali itawazoea, na hela ya vikao itaishia huko.

Barua ya kuunga mkono

Siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi, barua pepe huingia kutoka shirika kubwa au chuo kikuu: wanaomba ruzuku ya afya ya wakimbizi, wanawaheshimu sana, je, mnaweza kusaini barua ya kuunga mkono iliyoambatishwa? Kiongozi anafurahi kwa kutambuliwa, anasaini, na mwaka mmoja baadaye anasikia kwamba ruzuku ilitoka, na kwamba anaombwa kuwaleta watu 25 kwenye majadiliano, kila mmoja atapewa kadi ya zawadi ya dola 20. Hilo limetupata sisi pia, zaidi ya mara moja.

Jibu liwe la upole na la moja kwa moja: tutasaini tukishaona bajeti na mstari wenye jina letu. Ombeni mkataba wa ruzuku ndogo chini ya ruzuku yao, wenye kiasi, kazi na ratiba ya malipo, na kama ni utafiti, ulizeni takwimu zitakaa kwa nani na kama mtaziona kabla hazijachapishwa. Wengine hawatarudi. Wanaorudi ndio wabia, na baadhi yao wamekuwa walimu wetu wazuri wa kuandika maandiko.

Ulizeni pia malipo yatatoka lini. Ruzuku nyingi za serikali hulipa baada ya ninyi kutumia na kuleta risiti, na jumuiya yenye dola 900 benki haiwezi kuwalipa wahudumu miezi miwili ikisubiri. Ombeni malipo ya awali kwa maandishi kabla ya kusaini, kwani baada ya kusaini hakuna wa kuwasikiliza.

Kupima na kujibu

Chagueni vipimo vitatu, visizidi. Kwa programu ya presha: wangapi walihudhuria angalau vikao 12, wangapi wanajipima nyumbani, na presha za mwanzo na za mwisho. Msiahidi kupunguza vifo wala kiharusi kwa miezi tisa. Maswali ya dodoso yajaribiwe kwa watu watano kwanza, maana kipimo cha "kutoka moja hadi kumi" huwashangaza wazee wengi, ilhali ukiwauliza kama wiki hii walilala vizuri kuliko wiki iliyopita hujibu mara moja, na kwa kirefu.

Mkikataliwa, andikeni ndani ya wiki moja kuomba maoni ya waliosoma. Andiko letu la presha lilikataliwa mara ya kwanza kwa maelezo kwamba gharama za wahudumu ni kubwa mno kwa programu ya elimu. Tuliporudi mwaka uliofuata tuliambatisha kurasa mbili za daftari la matembezi ya nyumbani, majina yakiwa yameondolewa, likionyesha kila ziara ilichukua muda gani na ilitatua nini. Mstari wa wahudumu ulipita wote. Mashine ndizo zilizokatwa, na hospitali ya mji ikazitoa baada ya kuonyeshwa ukurasa wa ripoti yake yenyewe. Zilikuja na maelekezo ya Kiingereza na Kihispania, kwa hiyo mhudumu mmoja alinunua utepe mweupe na kalamu, akabandika kwenye kila kitufe: washa, pima, zima. Risiti ya dola 11 iko kwenye faili, na bajeti ya mwaka huu ina mstari wa utepe.